Risiti ya saa nane usiku: jinsi ya kuiambia kompyuta iko wapi

Duka la dawa lililoniita lilikuwa na tatizo dogo la ajabu: mauzo ya usiku yalikuwa yanaingia kwenye hesabu za jana yake. Mama mmoja alifika na mtoto mwenye homa saa nane na robo usiku, Jumamosi imeshaingia. Akauziwa dawa, na risiti yake ikatoka imeandikwa Ijumaa, 20:15. Asubuhi mwenye duka alipolinganisha fedha za droo na hesabu za kompyuta, zamu ya usiku ilionekana kama haikuuza chochote baada ya saa sita. Muuzaji wa zamu akaanza kutazamwa vibaya.

Mchana hakuna aliyelalamika. Saa tatu asubuhi risiti zilisoma 03:00, saa nne zikasoma 04:00, saa saba mchana zikasoma 07:00. Wauzaji waliona ni sawa kabisa, maana saa tatu ni tatu na saa nne ni nne. Kwa macho yao mashine ilikuwa inafuata saa ya Kiswahili, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Niliomba kuona seva yao, iliyokuwa ya mfumo wa Linux, nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuandika amri fupi kuliko zote:

date

Jibu likaja na tarehe, na saa, na mwishoni alama hii: -03. Hapo kila kitu kikawa wazi. Aliyefunga mfumo alijua kwamba Tanzania iko saa tatu mbele ya Greenwich. Akatafuta kwenye orodha, akakuta jina Etc/GMT+3, akalichagua kwa nia njema. Jina hilo maana yake ni kinyume cha linavyosomeka: ni saa tatu nyuma ya Greenwich. Kutoka mbele tatu hadi nyuma tatu ni saa sita, na saa sita ndiyo tofauti ileile iliyopo kati ya saa tunayoitamka na saa inayoonyeshwa na kompyuta. Kosa lilipata maficho mazuri ndani ya lugha yetu. Mahali pengine duniani mtu angeliona siku ya kwanza. Kwetu lilikaa wiki kadhaa likila heshima ya mfanyakazi asiye na hatia.

Ndiyo maana naandika haya kwa urefu. Amri ya kuweka ukanda wa saa, au saa za eneo kama simu nyingi zinavyoandika, ni mstari mmoja. Ugumu uko katika kujua unaiambia kompyuta nini unapouandika.

Kompyuta haijui asubuhi

Ndani kabisa, mashine ya Linux haina saa tatu wala saa tisa. Ina hesabu moja tu: sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia, ile inayoitwa UTC, inayolingana na saa ya Greenwich. Iulize hivi:

date +%s

Utapata namba ndefu ya tarakimu kumi. Namba hiyo ni ileile Mombasa, Muscat, Toronto na Bukavu kwa wakati mmoja. Haibadiliki kwa sababu umehama, wala kwa sababu jua limezama. Chukua sekunde ya 1700000000 uione kwa macho mawili (TZ ni ukanda wa saa unaoupa amri hiyo moja tu):

TZ=UTC date -d @1700000000
TZ=Africa/Dar_es_Salaam date -d @1700000000

Ya kwanza itakupa Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, 22:13:20. Ya pili itakupa Jumatano tarehe 15 Novemba 2023, 01:13:20, yaani saa saba na dakika kumi na tatu usiku wa kuamkia Jumatano. Sekunde ni moja, siku ni mbili tofauti. Ukishaielewa mistari hii miwili, sehemu kubwa ya jambo hili umeimaliza: ukanda wa saa haubadilishi wakati, unabadilisha namna wakati unavyosomwa. Ni miwani.

Kwa hiyo mtu anayeona saa ya kompyuta imepotea kwa saa tatu kamili, au sita kamili, asikimbilie kusukuma mishale ya saa. Akifanya hivyo anaiharibu hesabu ya sekunde iliyokuwa sahihi ili kufidia miwani isiyo yake, na siku mtu mwingine akirekebisha miwani, saa itapotea upya kwa upande wa pili. Tofauti ya saa kamili karibu kila mara ni ya ukanda. Tofauti ya dakika nne na sekunde kadhaa ndiyo ya saa yenyewe, na hiyo huponywa kwa kuiunganisha mashine na seva za wakati za intaneti.

Jina la mji

Miwani hiyo kompyuta inaipata wapi? Kwenye Linux na Mac inatoka katika hazina ya kanda za saa iliyoanzishwa na Mmarekani Arthur David Olson miaka ya 1980, ikaratibiwa kwa miaka mingi na Paul Eggert, na tangu mwaka 2011 inahifadhiwa na IANA, taasisi inayosimamia namba na majina ya intaneti. Kila ukanda ndani yake una jina la bara na mji: Africa/Nairobi, Africa/Kampala, Asia/Muscat, Europe/London. Majina yenye nafasi huunganishwa kwa mstari wa chini, kwa hiyo Dar es Salaam huandikwa Dar_es_Salaam.

Watu wengi hudhani jina hilo ni njia ndefu tu ya kuandika "+3". Sivyo. Nyuma ya jina kuna historia ya mji huo. Andika:

zdump -v Africa/Nairobi

Utaona mabadiliko yote ya saa ya Nairobi yaliyorekodiwa. Kwa mujibu wa hazina hiyo, hadi Mei 1908 Nairobi ilihesabiwa kwa jua lake yenyewe, saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. Kisha ikawa saa mbili na nusu. Mwaka 1928 ikapanda hadi tatu, mwaka 1930 ikarudi mbili na nusu, mwisho wa mwaka 1936 ikawa mbili na dakika 45, na kuanzia Agosti 1942 ikatulia kwenye tatu hadi leo. Dar es Salaam, Kampala, Addis Ababa, Mogadishu na Antananarivo katika hazina kuu zimefungwa kama majina mengine ya Nairobi, kwa sababu tangu 1970 saa zake hazijatofautiana. Mkazi wa Dar akichagua Africa/Nairobi hatapoteza kitu kwa kazi za leo, ingawa mimi hupenda mtu aweke mji wa nchi yake. Nchi moja ikibadili sheria kesho, jina lake litaifuata sheria hiyo na la jirani halitaifuata.

Zile dakika 27 za kabla ya 1908 si hadithi ya makumbusho. Wanaoandika programu kwa lugha ya Python hukutana nazo. Ukitumia maktaba ya pytz na ukaupachika ukanda wa Nairobi moja kwa moja kwenye tarehe kwa kigezo cha tzinfo, utapata saa yenye +02:27 badala ya +03:00, na miadi yako itahama kwa dakika 33. Maktaba imechukua mstari wa kwanza wa historia, ule wa jua. Dawa yake ni kutumia njia ya localize, au kuhamia zoneinfo iliyokuja ndani ya Python 3.9.

Mifano ya kwa nini jina ni bora kuliko namba iko karibu nasi. Juba ilikuwa saa tatu mbele ya Greenwich tangu Januari 2000, ikihesabu pamoja na Nairobi. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ikarudisha saa nyuma, ikawa mbili mbele. Aliyekuwa ameweka Africa/Juba alihitaji tu kusasisha hazina yake, basi. Aliyeandika namba, au aliyeazima jina la Nairobi, alibaki saa moja mbele ya ofisi iliyo jirani yake. Sasisho hilo huja kupitia kifurushi cha tzdata, na seva ambayo haijasasishwa kwa miaka mingi itaendelea kuisoma Juba ya zamani bila kukuonya.

Na wasomaji wa Kongo waangalie vizuri, kwa sababu nchi yao ina kanda mbili. Kinshasa iko saa moja mbele ya Greenwich; Lubumbashi, Goma, Bukavu na Kisangani ziko mbili mbele, na kwa hizo jina ni Africa/Lubumbashi. Kigali na Bujumbura nazo ni mbili. Mtu wa Goma akichagua Kinshasa kwa kuwa ndio mji mkuu, amekosea saa nzima.

Kwa nini +3 ni nyuma

Narudi kwenye Etc/GMT+3. Unix, mfumo ambao Linux iliufuata, ilizaliwa Marekani, magharibi ya Greenwich, na wenyewe walizoea kuandika ukanda wa New York kama EST5EDT: tano hiyo ni saa unazoongeza kwenye saa ya mji ili ufike Greenwich. Kanuni hiyo ikaingia kwenye POSIX, viwango vya pamoja vya mifumo ya aina ya Unix, na haijatoka. Kwa kanuni hiyo magharibi ni kujumlisha na mashariki ni kutoa, kinyume na maandishi ya +03:00 unayoyaona kwenye barua pepe na kalenda. Kwa hiyo sisi, tulio mashariki, tungekuwa Etc/GMT-3. Ni sahihi, lakini siwezi kumshauri mtu alitumie. Atakayekuja baada yako ataona alama ya kutoa, atadhani umekosea, na "atakusahihisha".

Kuna mtego mwingine wa jamii hiyohiyo, na huu ni mbaya zaidi kwa kuwa unasema uongo waziwazi. Afrika Mashariki tuna kifupi chetu, EAT, nacho huonekana kila mahali. Mtu akaamua kuandika:

TZ=EAT date

Kwenye Linux za kawaida jibu litatoka na herufi EAT pale mwishoni, lakini saa itakuwa ya Greenwich, tatu nyuma. Mfumo haukulikuta jina hilo kwenye hazina, haukukuta namba pembeni yake, ukachukua sifuri na kubandika lebo uliyoipa. Hakuna onyo. Hali ni hiyohiyo ukikosea herufi, mathalani Africa/Nairobbi: utapata saa ya UTC yenye lebo "Africa". Ukiona neno Africa peke yake mahali pa kifupi cha ukanda, jua jina limekosewa.

Amri zenyewe

Kwenye Ubuntu, Debian, Fedora na Linux nyingine zinazotumia systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, anza kwa kutazama:

timedatectl

Soma mstari wa Time zone. Kwetu unapaswa kusema Africa/Dar_es_Salaam (EAT, +0300), au mji wako. Angalia vitu vitatu pamoja: jina, kifupi na namba. Kisha tafuta jina badala ya kulikisia:

timedatectl list-timezones | grep Africa

na uliweke:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Imekwisha. Amri hii ni salama kwa sababu, tofauti na ile ya TZ, inalikataa jina lisilokuwepo. Inachofanya kwa ndani ni kugeuza kiungo cha /etc/localtime kielekee kwenye faili la mji wako lililoko /usr/share/zoneinfo. Kwenye mashine isiyo na timedatectl unaweza kukigeuza kwa mkono:

sudo ln -sf /usr/share/zoneinfo/Africa/Dar_es_Salaam /etc/localtime

Ila amri ya ln haihoji. Ukikosea herufi itatengeneza kiungo kinachoelekea pasipo na kitu, na mashine itarudi UTC kimyakimya. Hakikisha kwa date mara moja. Kwenye Debian na jamaa zake mara nyingi lipo pia faili la /etc/timezone lenye jina lilelile kwa maandishi, na baadhi ya programu husoma hilo. Amri ya sudo dpkg-reconfigure tzdata huvirekebisha vyote viwili kwa pamoja.

Sasa hatua ambayo watu huisahau. Programu nyingi husoma ukanda wa saa zinapoanza, kisha hazisomi tena. Umebadilisha ukanda, date inasema kweli, lakini hifadhidata iliyoamka wiki iliyopita bado imevaa miwani ya zamani. MySQL, kwa mfano, huuchukua ukanda wa mfumo inapowashwa. Kwa hiyo washa upya hifadhidata, programu ya mauzo, na cron, ile inayoendesha kazi kwa ratiba. Ukiweza, washa upya mashine nzima saa ambayo duka limetulia.

Na ukifika kwenye cron, kumbuka unatafsiri. Bekapu ya saa nane usiku huandikwa hivi, dakika kwanza kisha saa ya kompyuta, na nyota tatu za kusema kila siku:

0 2 * * *

Ukiandika 8 kwa kuwa mdomo unasema nane, bekapu itaanza saa mbili asubuhi wateja wakiwa kwenye foleni. Nimeliona hili kwa watu hodari, na halina uhusiano na elimu. Akili inayofikiri kwa Kiswahili inaandika ilichokisema. Mimi huandika maelezo juu ya kila mstari wa cron: "saa nane usiku", ili atakayesoma aone saa zote mbili.

Kwa Windows majina ni mengine. Fungua dirisha la amri, uliza kwa tzutil /g, kisha:

tzutil /s "E. Africa Standard Time"

Alama za kunukuu ni lazima kwa sababu jina lina nafasi. Mtu wa Dar au Kampala asipoteze muda kutafuta mji wake kwenye orodha ya Windows. Huko Afrika Mashariki ya saa tatu mbele yote imeandikwa Nairobi. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi hutumia "South Africa Standard Time", Kinshasa "W. Central Africa Standard Time", na Muscat "Arabian Standard Time". Kwenye Mac ni sudo systemsetup -settimezone Africa/Nairobi.

Kompyuta yenye Windows na Linux pamoja ina ugonjwa wake: kila ukihama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine saa inaruka kwa tatu. Windows huandika saa ya mji kwenye chipu ya saa, Linux huandika UTC, na kila mmoja humsahihisha mwenzake. Ziwekee kanuni moja. Watu wengi huifundisha Windows kutumia UTC.

Kontena, yaani vifurushi vya programu vinavyojitegemea ndani ya mashine, nazo karibu zote huzaliwa kwenye UTC hata kama mashine iliyozibeba iko Arusha. Kuzipa TZ=Africa/Dar_es_Salaam hutosha iwapo tu tzdata imo ndani yake, na zile zilizopunguzwa uzito mara nyingi hazina.

Kuna swali ninaloulizwa daima: je, seva iwekwe UTC au saa ya nyumbani? Kama seva inahudumia watu wa nchi kadhaa, iache UTC, hifadhi kila kitu kwa UTC, na mpe kila mtumiaji miwani yake wakati wa kuonyesha. Kama ni duka moja, katika mji mmoja, na hesabu zinafungwa saa sita usiku ya hapo, saa ya nyumbani ni halali kabisa. Sisi hatusukumi saa mbele na nyuma kwa majira, kwa hiyo hatuna ule usiku mmoja wa mwaka wenye saa moja inayojirudia mara mbili.

Wenye ndugu Ulaya na Amerika ndio wanaoyajua majira hayo. Kikao cha familia cha saa kumi na mbili jioni ya London huhama kwetu bila mtu kukihamisha. Iulize mashine:

TZ=Africa/Dar_es_Salaam date -d 'TZ="Europe/London" 2025-07-05 18:00'

Jibu ni 20:00, saa mbili usiku. Badilisha tarehe iwe 2025-12-06 na jibu ni 21:00, saa tatu. Amri hii imenipunguzia simu nyingi za "mbona hamjaingia?"

Pale duka la dawa, kuweka ukanda sahihi kulichukua nusu dakika. Kazi ilikuwa risiti za zamani, zilizohifadhiwa kama maandishi matupu ya tarehe na saa bila kusema ni za ukanda gani. Tulichukua nakala ya hifadhidata kwanza. Kisha tukazipanga risiti kwa namba na kutafuta mahali ambapo namba inapanda lakini saa inarudi nyuma kwa sita. Palikuwa pamoja tu, siku mfumo ulipowekwa kwenye seva. Mwisho wa kosa tuliujua, ni risiti ya mwisho kabla ya amri yangu. Zote zilizokuwa katikati tukaziongezea saa sita:

UPDATE risiti SET muda = muda + INTERVAL 6 HOUR WHERE id BETWEEN ...

Mwenye duka akachapisha upya hesabu za zamu, usiku baada ya usiku, akaziweka mezani pamoja na daftari la droo. Zililingana. Akamwita muuzaji wa usiku, akamwonyesha risiti ya yule mama: Jumamosi, 02:15.